Waya Chini ya Zulia la Mama Mkwe

Mshauri wangu mheshimiwa, kila Jumatano nimekuwa nikisoma ukurasa wako na kuwacheka wanaokuandikia, na sasa zamu ya kuchekwa imenifikia mimi, basi unicheke haraka kisha unisaidie, kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi haiko mbali.

Mimi ni fundi wa saa, kazi niliyorithi kwa baba, na sijisifu nikisema hakuna skrubu iliyowahi kunishinda, hata iwe ndogo kama punje ya mtama, na ni sifa hiyohiyo iliyoniponza, kwa maana mama mkwe wangu, mkunga mstaafu ambaye mimi na mke wangu tunaishi naye, alikuwa na laptopu yake ya zamani ambayo ukiiwasha asubuhi unaweza kufua, kuanika na kuanua kabla haijakuonyesha lolote, naye akasema ataitupa, nikajitia kimbelembele nikamwambia, "Mama, usiitupe, haijafa, imeelemewa tu, nitaifuta nikuwekee mfumo mwepesi wa Linux, utaona itakavyokimbia," akaniuliza, "Baba, wewe si fundi wa saa?" nikamjibu, "Mama, kompyuta ni saa kubwa tu," maneno ambayo hadi leo ameshayarudia kwa kila jirani na kwa kila mkunga mstaafu anayemfahamu.

Na kweli mfumo niliuweka, ukaingia wote kutoka kwenye flashi moja, laptopu ikawa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti, tatizo likabaki moja tu, kadi ya waifai haikuonekana kabisa, kana kwamba haijawahi kuwamo, nikaifungua laptopu mara tatu nikaikuta kadi imetulia mahali pake, nikaichomoa, nikaifuta kwa brashi ya saa, nikairudisha, wapi, nikauliza kwenye jukwaa la watu wa Linux mtandaoni, wa kwanza akanijibu nisome mwongozo, wa pili akasema swali langu lilikwisha kuulizwa miaka tisa iliyopita, wa tatu akaanza kugombana na wa pili, na mimi wakanisahau.

Wakati huo mama mkwe amesimama nyuma yangu, ananiuliza, "Mkwe wangu, imeshika?" na ulimi hauna mfupa, mshauri, nikasema, "Imeshika, mama, hewani kabisa," kisha alipokwenda sokoni nikachukua waya wa mtandao, nikauchomeka kwenye ruta iliyo juu ya kabati la vyombo, nikaupitisha chini ya zulia la sebuleni mpaka kwenye meza yake ya pembeni, nikaulaza sambamba na waya wa umeme, nikaifunga yote miwili pamoja kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na utepe huohuo nikaubandika ubavu mzima wa kushoto wa laptopu ili plagi isionekane, nikaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukalala kama ngozi, kazi safi ambayo hata wewe ungekuja usingeigundua, na kwa kuwa betri ilikufa zamani laptopu haitoki mezani, basi nikajua nimepona.

Mke wangu alipoona akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Mume wangu, mama yangu ameleta duniani watoto mia nane waliokuwa wamefichika kuliko huo waya wako," nami nikamwambia afunge mdomo, na kwa kweli mama mkwe aliuliza mara moja tu, "Mbona waya wa umeme umenenepa?" nikamwambia, "Ni wa kisasa, mama," akasema, "Haya," na tangu siku hiyo, sasa wiki ya tatu, hajauliza tena, ila siku hizi akikatiza sebule huinua mguu kidogo anapofika katikati ya zulia, nadhani ni magoti, umri huo.

Baadaye nikasoma mahali kwamba mifumo hii myepesi huja bila ile programu ndogo ya kuiamsha kadi, basi nikatumia waya uleule kuipakua, tena ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kadi, nikawasha upya, na kadi ikaonekana na jina lake kamili, nikapiga makofi ya furaha, lakini haishiki mtandao wowote, hata wa ruta iliyo hatua tano kutoka hapo, mtu mmoja wa jukwaani akanipa amri ya kuandika, nikaiandika, laptopu ikajibu mistari miwili, imezuiwa kwa programu: hapana, imezuiwa kwa kitufe: ndiyo, sikuelewa, nikaufuta mfumo na kuuweka upya mara mbili pamoja na programu yake, kisha nikaongeza programu nyingine nne, mistari ni ileile.

Sasa dada mkubwa wa mama mkwe, ambaye mke wangu humwita mama mkubwa, amelala kitandani tangu avunjike nyonga, na mwanawe wa pekee ni mchomeleaji katika nchi ya mbali, hawajaonana miaka sita, kwenye simu macho yake hayamsaidii, anasema, "Namwona kama stempu," basi mama mkwe akamwahidi, "Dada, mkwe wangu ameitengeneza laptopu yangu, Jumamosi nitakuletea umwone mwanao uso mzima," mpangaji wa mama mkubwa ameshatoa nywila yake ya waifai lakini chumba chenye ruta hukifunga akienda kazini, kwa hiyo waya hauna pa kupita, kijana ameshaomba ruhusa kazini kwa ajili ya saa kumi ya siku hiyo, na mama mkubwa ameshasukwa nywele akiwa amelala hivyohivyo, mshauri, amesukwa nywele, na mimi nakaa nafikiria niseme naumwa, au niimwagie laptopu chai ionekane ni ajali.

Nifanye nini, na tafadhali sana usitaje kazi yangu, kwa sababu mama mkwe naye hulisoma gazeti hili.

Wako,
Fundi Saa

*

Fundi Saa,

Ombi lako la kufichwa nimelishughulikia kwa ustadi uleule ulioutumia kuficha waya. Umeniomba nisitaje kazi yako, kisha ukaitia sahihi barua kwa kazi yako, baada ya kuniandikia habari za mkunga mstaafu, mama mkubwa mwenye nyonga mbovu na kijana mchomeleaji. Sina shaka kwamba mama mkwe wako atakapoifikia barua hii atajiuliza kwa muda mrefu sana ni familia gani hiyo.

Tuanze na chai. Mama mkubwa amesukwa nywele kitandani ili mwanawe amwone nadhifu, na wewe unataka kuua kifaa chenyewe ili wewe uonekane nadhifu. Weka kikombe chini.

Sasa kadi. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwanza kutafuta tatizo, kisha kutafuta nukta. Tatizo nimelipata.

Mfumo mwepesi ni mwepesi kwa sababu umeacha mizigo nyuma, na mmoja wa mizigo hiyo ni programu ya kuiamsha kadi yako. Ndiyo maana siku ya kwanza kadi haikuonekana. Hukuwa na kosa, wala kadi haikuwa na vumbi. Brashi ya saa ungeiacha kwenye saa. Programu sahihi ni ile uliyoipakua kwanza, kwa namba ya kadi yenyewe. Hapo ulifanya jambo la akili, na kwa kuwa ni moja tu katika barua nzima, nakupongeza bila haraka. Zile nyingine nne ulizoziongeza baadaye ni za nini? Mtu akishapata ufunguo wa nyumba yake, hujaza mifuko funguo za majirani? Ziondoe.

Halafu laptopu ikakuandikia jibu, kwa mistari miwili, kwa lugha iliyo nyoofu kuliko yako. Imezuiwa kwa programu: hapana. Imezuiwa kwa kitufe: ndiyo. Umenakili jibu, ukalifunga ndani ya bahasha, ukanitumia mimi kuniuliza jibu ni nini. Neno "kitufe" ulidhani ni pambo?

Kompyuta za umri huo nyingi zina kitufe kidogo cha kutelezesha, chembamba kama ukucha, cha kuwasha na kuzima mawasiliano ya hewani. Hakikai ndani, ulikofungua mara tatu. Hukaa nje, ukingoni, mara nyingi ubavuni. Kikiwa kimezimwa, hakuna programu duniani itakayokiwasha, hata ukiufuta mfumo mara mia. Kinawashwa kwa kidole.

Na ubavu wako wa kushoto una nini, fundi? Una utepe mweusi, uliobandikwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na kukandamizwa kwa kidole gumba mpaka ukalala kama ngozi. Maneno hayo ni yako.

Siku ya kwanza, naamini, kitufe kilikuwa kimewashwa na programu ndiyo iliyokosekana. Ukakandamiza utepe, kikateleza kikazimika chini yake. Programu ilipofika, mlango ulikuwa umeshaupigilia misumari kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo kadi haikukushinda. Kadi imekaa wiki hizi zote ikisubiri uondoe uongo juu yake.

Umeoa katika nyumba ya mkunga, na methali ya mficha uchi hazai hujawahi kuisikia?

Sasa nisikilize, kwa sababu najua mkono wako umeshaanza kuelekea kwenye utepe. Usiubandue. Nakujua. Utaubandua mama akiwa jikoni, utatelezesha kitufe, waifai itashika, utauvuta waya kutoka chini ya zulia, utaukunja, utautia sandukuni, na Jumamosi utakwenda kwa mama mkubwa kifua mbele, shujaa wa ukoo. Kisha mwezi ujao utamwambia mtu mwingine kwamba ndege ni saa kubwa tu.

Gazeti hili limetoka leo Jumatano. Leo hii, kabla mama hajamaliza chai yake na kuchukua miwani, mwite mbele ya laptopu. Mke wako awepo. Ameshacheka, sasa na ashuhudie. Mwambie hivi, wala usiongeze neno la kisasa: "Mama, nilikudanganya. Haikushika. Nilipitisha waya chini ya zulia lako." Kisha nyamaza. Kunyamaza kutakuwa kugumu kwako kuliko skrubu yoyote, lakini vumilia. Akimaliza kusema atakayoyasema, bandua utepe mbele yake, tafuta kitufe, kitelezeshe, uandike tena ile amri. Ukiona hapana mara mbili, chomoa waya, ingiza nywila ya ruta yenu na usubiri. Ikishika, zima, washa upya, uone kama itashika tena bila kubembelezwa, maana Jumamosi ndivyo itakavyolazimika kufanya. Jaribu pia kamera, sauti na kipaza sauti. Mtu aliyemaliza wiki tatu akiangalia waifai peke yake ana hakika gani kwamba vingine vinafanya kazi? Kijana akionekana uso mzima lakini hasikiki, mama mkubwa atakuwa amesukwa nywele kwa ajili ya picha.

Laptopu yako siioni, nimeiona barua tu. Ikiwa nimekosea, na kitufe hakipo au kimekufa, chukua simu janja yenye bando, iunganishe na laptopu kwa waya wake wa kuchajia, uruhusu simu igawe mtandao. Mifumo mingi myepesi huupokea bila maswali. Waya utaonekana, ndiyo. Utakuwa mezani mchana kweupe mbele ya mgonjwa na mwanawe, na hakuna atakayekufa. Njia hii ungeiona tangu siku ya kwanza, lakini ulikuwa unatafuta njia isiyoonekana, na hizo ni kazi mbili tofauti. Ijaribu pia leo. Jumamosi si siku ya kujaribia. Saa kumi ya mtu aliyeomba ruhusa kazini haitakusubiri.

Na ile programu sahihi ya kadi inakili kwenye flashi, uibebe mfukoni.

Limebaki jambo moja, na hili silo la kompyuta. Umeandika kwamba mama mkwe wako akikatiza sebule huinua mguu anapofika katikati ya zulia. Ukadhani ni magoti. Magoti yanayouma, fundi, huburutwa. Hayainuliwi, tena mahali pamoja tu, kila siku, juu ya waya. Mama huyo aliuliza swali lake mara moja, akajibiwa kuhusu mambo ya kisasa, akasema "Haya". Alijua. Amejua tangu siku ile aliporudi sokoni. Na bado alikwenda kwa dada yake akaiahidi Jumamosi kwa jina lako, kwa sababu aliamini kwamba kabla ya siku hiyo ungekuwa umeshasema au umeshatengeneza.

Kwa wiki tatu amekuwa akiuruka uongo wako ili asiukanyage ukakatika. Ondoa waya huo kwenye zulia, mwache mama atembee nyumbani kwake.