Gari Iliyojengewa Ukuta

Papa,

Gari yako iko salama, ila haiwezi kutoka. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama Mama amekula. Iko palepale ulipoiacha, kando ya jiko, imeelekea barabarani. Lakini barabara haionekani tena. Pale palipokuwa na lango sasa kuna ukuta wa matofali, na kilango kidogo cha kupitia watu, tena kwa kuinama.

Ni Baba Mudogo aliyeujenga, mara tu baada ya kukuzika. Usimkasirikie ndugu yako kwanza. Watu wenye bunduki walikuwa wanazunguka mtaa wa Kilibula wakiuliza nani ana gari, na kila waliyoiona waliichukua. Basi akaita mwashi, wakaziba lango mchana kweupe kama watu wanaojenga choo, na Mama akaanika vitenge juu ya gari yote mpaka ikaonekana kichaka cha nguo. Walipita, hawakuiona. Ya jirani ilichukuliwa pamoja na funguo zake. Kwa hiyo ukuta ulituokolea gari, nakubali. Lakini kila asubuhi nikifungua mlango wa nyumba nakutana na yale matofali, nageuka narudi ndani.

Nje ya ukuta nako si nje. Njia ya kwenda juu, ya Bukavu, imefungwa. Ikifunguliwa, inafungwa tena kabla habari haijafika sokoni. Mpaka wa Burundi vilevile. Wavuvi wanaingia ziwani siku wanayoruhusiwa, vile visamaki vya ndagala leo viko, kesho hakuna. Upande wa Bijombo milio ya bunduki inasikika, na sisi tunanyamaza kusikiliza kama inakaribia. Shule ninayofundisha ilifunga, ikafungua, nusu ya watoto hawakurudi. Unaijua Uvira yetu, mlima mgongoni, maji mbele. Nilikuwa najivuna nayo kwa wageni. Siku hizi nikiangalia mlima natamani kuusukuma.

Na wewe pia ulikwama, Papa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulitaka kulala Lemera, karibu na mama yako, na hatukuweza kukupandisha. Tulikuweka huku chini, kwenye joto ulilolilalamikia maisha yako yote. Pasta akasema ardhi yote ni ya Mungu, nikaitikia amina huku nimekasirika. Nilikukasirikia hata weye. Si ungengoja kidogo? Ungengoja tu barabara!

Maana tulikuwa na safari yetu. Nakusikia bado: "Minye nimepita Ngomo tangu ujana wangu, na sijauona ule mulima hata siku moja." Watu walicheka, shoferi mzima hajauona mlima anaoupanda kila juma. Ukawaeleza. Shoferi anaona shimo, anaona lori linaloshuka, anaona ukingo wa bonde, anamsikia abiria anayempigia kelele kwamba mgonjwa wake anamngoja Bukavu, na mbuzi wamefungwa juu wanalia. Mlima ataangalia saa ngapi? Ukasema siku moja utakaa kiti cha pembeni kama mbunge, binti yako aendeshe, na ukisema simama, asimame, hata kama hakuna sababu.

Mama ndiye aliyecheka zaidi. "Nani anapanda mulima bila kilio?" Na kweli, sisi tunapanda kuzika, kuoa, kuleta maharage, kupeleka mgonjwa hospitali. Kupanda, kuangalia, halafu kushuka, ni muntu wa akili gani? Nilikuuliza pale kwenye vizuizi vya barabarani watakapotaka kujua tunaenda kufanya nini, utawaambia nini. Ulikuwa na jibu tayari. Ulikunja mikono, ukatoa sauti nzito ya mtu mkubwa: "Tunaenda kuangalia." Nilikuambia watatushusha wote wapekue mpaka ndani ya magurudumu. Ukalirudia palepale, kwa sauti nzito zaidi.

Ramani yako ilikuwa sahani ya bugali. Kila jioni lazima upange safari kwanza ndipo tule. Unauinua uwe mlima, unachora njia kwa kidole gumba. Tukishapita Sange, mbele kidogo tunakata kushoto, tunapanda Lemera, tunasalimia ndugu, tunalala huko kwenye baridi. Kesho yake tunashuka hadi Kamanyola, halafu Ngomo yenyewe. Sombe, yale majani ya muhogo, ni msitu. Ndagala ni malori yanayoshuka, na moja lazima liwe limeharibika katikati ya njia. Mama anagomba: "Acha kuchezea bugali, wageni wakikuona watasema nini?" Na wewe unaanza kuula mlima kwa upande wa Bukavu, taratibu, huku ukinikonyeza.

Na ile kona ya maji. Pale juu karibu na jiwe kubwa, ambapo mashoferi wote husimama kupoza injini. Umesimama pale mara nyingi kuliko ulivyosimama kanisani, ulisema, na kila mara ulikuwa umeinamia injini, bonde umelipa mgongo. Pale ndipo ulipotaka tukae, tule mahindi ya kuchoma, uangalie Ruzizi yote inavyojikunja hadi ziwani.

Ulinifundisha kuendesha kwenye njia iliyonyooka ya Kiliba, ng'ombe wakitupisha. Ulikaa kiti cha pembeni, lakini mguu wako haukujua kwamba umekaa pembeni. "Freni! Freni, weye!" na unakanyaga sakafu kwa nguvu zote, kama freni iko pale. Ulikanyaga mpaka zulia likatoboka, rangi ikatoka, ikabaki chuma kitupu kinachong'aa. Nilikuwa nakucheka. Jumapili nikitoka kanisani ninakaa ndani ya gari na ninakiangalia kile chuma, na hapo ndipo ninalia, siyo makaburini.

Ndiyo, ninakaa ndani. Betri nimeificha chini ya kitanda changu, kwa hiyo hata honi hailii. Ninakanyaga, ninatia gia, vitesi ya kwanza, ya pili, ninapanga pa kusimama. Mama ananiona kutoka jikoni na anaendelea kupika. Nilidhani ananionea huruma. Halafu jioni moja tumekaa kula, sisi wawili na sahani ile kubwa ambayo hatuijazi tena, nikaona kidole chake gumba kinaingia kwenye bugali. Hakuniangalia. "Ile kona ya maji," akasema, "iko upande huu ao ule?" Nikamwonyesha kwa kidole.

Sasa nikuambie kilichotokea siku ya kuondoa matanga yako.

Walikuja wote, ndugu, wa kanisa, majirani. Sala ikaisha, watu wakala, na Baba Mudogo akasimama. Mashine ya kusaga ya mtaa wetu imekufa injini, unaijua ile. Akina mama wanatwanga muhogo kwa mikono mpaka viganja vinachubuka, wengine wana wagonjwa na vichanga. Na hapa kuna injini nzima imelala. Gari isiyotoka ni kabati, akasema, na marehemu alikuwa mtu wa kusaidia watu. Wakaitikia. Fundi alikuwa amekuja naye, na vyombo vyake kwenye gunia.

Papa, ningempinga kwa lipi? Alilosema lilikuwa kweli. Nitasimama mbele ya wanawake wenye viganja vile niseme niachieni gari, nataka kwenda kuangalia mlima? Mlima wenyewe umefungwa, lango limezibwa, mwenye safari amekufa. Niliangalia chini. Nilijiona mjinga, na nilijiona nimeisha, kama mtu aliyefungiwa chumbani halafu wanakuja kuchukua hata dirisha. Nikasikia fundi anafungua pua ya gari, aifikie injini.

Mama akanyanyuka. Tulidhani anakwenda kutoa sahani. Akaingia chumbani, akatoka amevaa kitenge chake cha ndege wa kijani, kile cha harusi za watu, na viatu vya kufunga, na kikapu kimefunikwa kitambaa. Akapita katikati ya watu, akafungua mlango wa kiti chako cha pembeni, akaketi, akajifungia. Kikapu akakipakata.

Baba Mudogo akamwambia kwa upole, "Shemeji, shuka, muntu afanye kazi."

"Sishuke. Minye niko mu safari."

"Safari ya wapi tena, Shemeji?"

Mama akakunja mikono. Na ile sauti, Papa, sijui aliitoa wapi, nzito, ya mtu mkubwa mbele ya kizuizi: "Tunaenda kuangalia."

Mtu mmoja akacheka. Mama akatoa kichwa dirishani, akanitafuta kwa macho kati ya watu. "Shoferi iko wapi?"

Nilikwenda. Kwa aibu na furaha pamoja nikapita katikati ya watu, nikakaa, nikashika usukani. Nikamwendesha Mama. Nilimtajia kila mahali tulipofika, Kavimvira, Kiliba, Sange, nikakata kushoto, tukasalimia Lemera, tukashuka, tukaingia Ngomo. Matofali yalikuwa mbele ya kioo muda wote. Kwenye kona nilizungusha usukani kwa haraka mno, na nikasikia kishindo pembeni yangu. Kiatu cha Mama kilikuwa kimekanyaga kile chuma kinachong'aa. "Polepole, weye! Unafukuzwa na nani?"

Fundi akafunga pua ya gari. Alisema hawezi kutoa injini ya gari yenye abiria. Baba Mudogo akatikisa kichwa, akasema atarudi mvua zikiisha. Akainama, akapita kwenye kilango chake.

Sitakudanganya kwamba tumeshinda. Atarudi, na wale akina mama bado wanatwanga. Jioni mimi na Mama tunakwenda kuwasaidia, viganja vyangu vimeanza kuwa kama vyao. Barabara haijafunguliwa. Lakini kila Jumapili sasa gari ina watu wawili, na tumeanza kugombana kuhusu mahindi, yeye anataka ya kuchemsha.

Nakuahidi hivi. Siku njia ikifunguka, ule ukuta nitaubomoa mwenyewe, sitangoja mwashi. Kwenye kona ya maji nitazima injini, na hakuna atakayeinama kuiangalia. Tutakaa tuangalie bonde lote kwa niaba yako, mpaka Mama aseme imetosha. Na kama injini itakuwa imekwenda kusaga muhogo, tutapanda kwa miguu na kikapu.

Lala pale tulipoweza kukulaza, Papa. Samahani kwa joto. Na mguu wako upumzike sasa, freni iko na Mama.

Shoferi wako,
Zawadi