Mrija wa Ambakisye

Jumatatu, 5 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimepanda mlima hadi kijijini Lufingo na mabuti yangu, kikao cha wanaoacha pombe. Ambakisye, fundi mwashi, kafika kabla yangu, kapanga viti. Anapendeza siku hizi. Mikono haitetemeki. Mkewe, Mama Lusajo, alishamwambia: akinywa tena, anachukua watoto anarudi kwao Kisiba. Yule mama hatanii. Lakini Ambakisye hanywi, na mimi mafunzo haya ya vitendo ya ushauri nasaha nafaulu. Nimesema.

Jumatano, 7 Mei
Ambakisye kafiwa na baba yake mkubwa. Msibani kutakuwa na kimpumu, ile pombe ya ulezi: chungu katikati, wanaume wanapokezana mrija. Darasani tulifundishwa, aliyeacha juzi mtenge na pombe. Nikamwambia asiende. Nilijiona mjanja kweli! Kainamisha kichwa. "Haya, dada."

Alhamisi, 8 Mei
Madam Subira, msimamizi wangu, kanitolea uvivu mbele ya wenzangu. "Zaituni, umezaliwa Bulyaga, umekulia hapa hapa, unamzuia mtu kumzika baba yake?"
Kweli. Huku usipokwenda kuzika, watasema wewe ndiye uliyemroga marehemu. Nimeona aibu, halafu hasira. Darasa halijawahi kufiwa Lufingo.
Nikapanda tena mlima. Ambakisye kajifungia ndani, hali chakula. Nimemwomba radhi, na sikuuma maneno. Tukapanga, sisi wawili na Mama Lusajo: aende, ila akae kwenye nyama. Achinje, akate, apike. Mpishi haachi jiko. Wazo langu hilo, na ni zuri.

Jumamosi, 10 Mei
Tumezika.
Nilikaa na akina mama, jicho kwenye masufuria. Mambo yalikwenda sawa mpaka wazee walipouliza: mtoto wa marehemu anapikaje kama mtu wa kuja? Wakamwita kwenye chungu. Wakamtia mrija mkononi. Mama Lusajo kauma kanga. Nilitaka kukimbilia pale nimpokonye. Nikajizuia. Yangu yalikuwa yameisha, sasa ni yake.
Ambakisye kasimama. "Wazee wangu, mnisamehe. Baba nimemlilia. Pombe nimeacha."
Mzee mmoja kaguna. Kisha Asumwisye, kaka yake, kauchukua ule mrija, kanywa zamu ya mdogo wake na yake pia. Wakaendelea.
Jamani, yule mtu anaweza! Nimelia bila kuficha.

Jumapili, 11 Mei
Mvua imekatika. Nimepita kuwapa pole. Mama Lusajo anafua, nguo za watoto zote ziko kwenye kamba. Ambakisye kalala, uchovu tu. Sikumwamsha.
Asumwisye kanisindikiza. Macho mekundu, ananuka pombe ya jana. Tulipofika kwenye lami kaniuliza kikao cha Jumatatu kinaanza saa ngapi.
Nimemwambia. Kashukuru, karudi mlimani.