Usiku Umehamia Kusini

Skjelvær, 28 Mei 1971

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na mguu wako? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Eilif anazidi kunenepa, shingo yake siku hizi siioni. Baba yake, Torgeir, amekwenda na meli ya samaki, atarudi mwisho wa Julai. Aliondoka akiimba, nikabaki na mtoto, nyumba na jua.

Jua ndilo ninalotaka kukusimulia. Mama, huku halizami tena. Kwetu bondeni hata Juni giza lilikuja angalau kutusalimu, mtu akafunga mlango akalala. Hapa jua linashuka mpaka karibu na maji, unasema haya sasa, mara linapanda tena kama mtu aliyesahau kofia. Na watu wala hawajali. Saa sita za usiku jirani yangu Bi Oddny yuko juu ya ngazi anapaka ukuta rangi. Nikamuuliza, "Kwani huku mnalala saa ngapi?" Alicheka mpaka brashi ikamdondoka. "Unatafuta usiku, binti wa kusini? Tumewaazima watu wa kwenu. Novemba wataurudisha wote kwa mpigo, mpaka uuchoke."

Mimi ni usingizi wa mang'amung'amu tu. Lakini nitazoea. Bi Oddny anasema kila mgeni huzoea.

Mwanao akupendaye,
Jorunn


Rugfoss, 5 Juni 1971

Mwanangu Jorunn,

Marahaba. Mguu haujambo, ila mvua ikitaka kunyesha unanipa habari kabla ya redio. Mbusu Eilif hapo shingo ilipokuwa.

Kuhusu usingizi, umemwandikia mtu anayejua. Tangu baba yako afariki nafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha karatasi, na kulala mchana ni kazi kama kazi nyingine. Pigilia blanketi dirishani, lile zito la sufu, siyo pazia. Kula kwa wakati uleule hata kama huna njaa, maana mwili unajua saa zake kwa tumbo pia. Kahawa ya alasiri acha, najua watu wa huko wanainywa kama maji. Na mtoto akilala, lala. Vyombo havijawahi kumkimbia mtu.

Usilipuuze jambo hili. Mwaka jana mwenzangu Aslaug alikesha na mtoto mgonjwa siku nyingi, akaja kazini, akaingiza mkono kwenye mashine kama mtu anayeingiza mkono mfukoni. Siyo mjinga Aslaug. Macho yalikuwa wazi, mwenyewe amelala.

Ningekuja leo. Lakini kiwanda kinafungwa Julai, ndipo sote tunapumzika, na anayeondoka kabla ya hapo anakuta nafasi yake ina mtu. Vumilia kidogo, mama yangu.

Mama yako


Skjelvær, 14 Juni 1971

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Eilif mzima. Mimi nipo.

Nikuchekeshe kwanza. Juzi nilisinzia mezani. Kushtuka, saa ya ukutani inasema karibu saa mbili, jua linawaka, nikaruka: kliniki! Nikamvalisha mtoto sweta uliyomfumia, nikasukuma kigari mbio mpaka zahanati. Mlango umefungwa. Nikagonga. Nikagonga kwa hasira kabisa, moyoni nasema watu wa serikali bwana, mpaka saa hizi wamelala. Akapita mzee Hjalmar na ndoo ya chambo.

"Unamgongea nani, mama?"

"Nesi. Leo si siku ya kupima watoto?"

"Walishapimwa wakaenda zao. Hii ni saa mbili ya usiku. Au unawahi foleni ya mwezi ujao?"

Sasa kisiwa kizima wananijua. Nikiingia dukani mchana naamkiwa, "Umeamkaje, mama kliniki!" Nacheka nao, nifanyeje.

Blanketi nimepigilia. Jua limeona matundu ya misumari, linaingia kama sindano. Kahawa nimeacha. Chakula nakula kwa wakati. Lakini mwili haukubali, Mama. Usingizi ukikaribia nashtuka kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi. Maziwa yamepungua. Jana nilifungua kabati nikasimama mbele yake mpaka miguu ikachoka, sijui nilitaka nini.

Usihangaike. Nimekuandikia tu ili niyatoe kifuani.

Jorunn wako


Skjelvær, 23 Juni 1971

Mama,

Mtoto ni mzima. Hilo lisome kwanza.

Juzi nilimlaza Eilif nje kwenye kigari chini ya dirisha, kama wanavyolazwa watoto wote huku. Nikakaa ngazini. Nilipofumbua macho kigari kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa vizuri. Nilikimbia ufukweni peku. Nilimwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Waliokuwa wanakusanya majani ya ng'ombe walitupa reki wakanifuata, Hjalmar akaingia baharini mpaka kiunoni, mzee wa watu.

Ndipo Bi Oddny akatoka mlangoni kwake, Eilif begani anatafuna ukosi wake. "Jorunn! Mtoto ninaye mimi!"

Nikamfokea. "Unamchukuaje mtoto wa mtu bila kuniambia?"

Akasema polepole, watu wote wamesimama, "Mwanangu, ulimleta wewe. Uliingia mpaka jikoni kwangu, ukanipa na soksi zake, ukasema unaomba ulale kidogo."

Sikumbuki, Mama. Nikitafuta kichwani hakuna kitu hapo.

Nesi amekuja. Si mtu mbaya, alinishika mkono muda wote. Amesema kukosa usingizi kumefika mahali pa hatari, na kama hakuna ndugu wa kukaa nami mpaka Torgeir arudi, Jumatano ijayo atamchukua Eilif ampeleke kwenye nyumba ya watoto mjini. Bi Oddny angekaa nami, lakini ana mume asiyetoka kitandani.

Najua kiwanda hakijafungwa. Najua maana yake. Njoo, Mama.

Jorunn


Skjelvær, 28 Juni 1971

Mama,

U hali gani? Meli ya posta imekuja leo, sikupata kitu. Nilisubiri mpaka mfuko ulipokung'utwa.

Labda barua yangu imechelewa. Labda mguu. Kama umekasirika kwa nilivyoomba, basi nisamehe, lakini niandikie hata mstari mmoja.

Nguo za Eilif nimezifua na kuzikunja. Siku hizi namnyonyesha nimekaa sakafuni, nisije nikamwangusha. Leo amecheka kwa sauti, Mama, kicheko cha kweli chenye kwikwi ndani yake. Nilitamani umsikie. Bado siku mbili, na lolote linaweza kutokea kwa siku mbili.

Jorunn


Jikoni kwako. Jumatano, Bi Oddny anasema ni mchana

Mwanangu,

Ukiamka ukakuta kitanda cha mtoto kitupu, usikimbie. Eilif yuko nami, tumekaa upande wa pili wa nyumba ili asikuamshe. Hajambo hata kidogo, ananitemea mate begani.

Barua yako ilinikuta natoka zamu. Sikuvua koti. Treni, basi, meli, na hiyo meli nimeitapikia vya kutosha. Ya kiwanda tutayaongea siku nyingine.

Niliingia jana. Ulinitazama usoni, ukaniita Bi Oddny, ukanikabidhi mtoto na soksi zake, ukalala na kiatu kimoja mguuni. Nimekivua. Mara tatu nimemleta kifuani kwako akanyonya mpaka akashiba, na wewe hukufumbua jicho. Mimi niliyekufundisha kulala mchana sijapata hata lepe moja kwenye jua hili. Nimekusugulia sakafu, nimekuchumia uyoga usioliwa, na saa nane za usiku nilikuwa nashika ngazi ya Bi Oddny.

Nesi amekuja. Nilimpokea pale kwenye uzio na kidole mdomoni. Akaninong'oneza, "Wewe ni nani?" Nikamwambia, "Mama yake." "Na yeye?" "Amelala tangu jana."

Akamtazama mtoto. Akatazama dirisha lako na blanketi lake. Kisha akainama, akavua viatu vyake vya mbao ili kokoto zisipige kelele, akavibeba mkononi akaenda zake.

Mama yako