Tusekile na Kinasa Sauti

Pito, Sumbawanga
14 Machi 1996

Baba Tusekile,

Pokea salamu zetu. Mvua zinanyesha na maharage yanaendelea vizuri.

Juzi walifika watafiti kwenye chekechea ya Tusekile. Wanachunguza watoto wanavyozungumza kabla ya kujifunza kusoma. Kila mtoto aliulizwa wanafanya nini nyumbani kwao, wakanasa sauti yake kwenye kaseti. Wenzake walieleza mengi. Wetu alisema, "Mama amekaa," basi.

Mtafiti mmoja, dada mpole, akaniita. "Mama, huwa unaongea naye?"

Nikamwambia sikumbuki. Tangu upunguzwe kazi ukaenda Tunduma, miezi tisa sasa, nampikia, namwogesha, namlaza. Sijui maneno yaliisha lini.

"Mtoto asiyezungumzishwa hupata shida kusoma," alisema, bila kunilaumu.

Jioni nikichambua mchele nikaanza kumweleza ninachofanya. Sauti yangu ilitoka ngeni. Tusekile akatazama mlangoni.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na wewe."

Akasogea, akakaa, akasubiri niendelee.

Ukijibu, andika kirefu. Nitamsomea kwa sauti.

Mkeo,
Mama Tusekile