Wapo Wanaopona

Makorora, Tanga
9 Februari 1956

Mpendwa mdogo wangu Idarusi,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Nairobi? Kifua chako kinakupa nafasi? Baridi ya huko nasikia haina adabu, basi usione haya kuvaa sweta hata mchana.

Mama mzima. Nakutangulizia hilo ili uyasome yanayofuata bila kutetemeka.

Mwezi wa Desemba alishikwa na homa ya matumbo. Akawa hasemi, akinitazama hanijui. Tukamlaza hospitali. Baba mdogo Haji akaona usiarifiwe kwanza, kwani kazi ulikuwa umeianza juzi tu na ruhusa usingepewa.

Daktari ni Mzungu, Kiswahili chake cha salamu tu. Shemeji yako Hatibu, unajua anavyojifunza Kiingereza jioni akitoka bandarini, ndiye aliyekwenda kumuuliza. Akarudi barazani uso umemshuka.

"Asmahani," akaniambia, "daktari asema watu wa umri wake wakipatwa na homa hii, wanaopona ni wachache."

Shangazi Sabiha akasema, "Basi twendeni naye nyumbani. Kama ni kufa, afe mikononi mwetu, asikie shahada kwa sauti anayoijua." Sote tukaona amesema kweli. Hatibu akatafuta gari, nami nikaanza kumfunga Mama kanga, machozi yananidondoka juu yake.

Ndipo akaingia nesi mmoja, Ruthi, binti wa Kibondei kutoka Muheza. Akanishika mkono. "Mnampeleka wapi? Dawa ndiyo kwanza inaanza kumwingia!"

Nikamweleza. Akamgeukia Hatibu, kwa upole kabisa. "Kaka, hilo neno la Kiingereza la wachache, daktari alisema fyuu, au alisema e-fyuu?"

Hatibu akafikiri. "E-fyuu. Lakini si mamoja?"

"Si mamoja, kaka. Hata mimi yalinisumbua nilipokuwa najifunza. Akisema fyuu, anasikitika kwamba ni wachache mno. Akisema e-fyuu, anakutia moyo: si wengi, lakini wapo."

Akatoka, akamrudisha daktari, akamuuliza mbele yetu. Yule Mzungu akaitikia kwa kichwa, kisha akajikaza kwa Kiswahili chake: "Wapo. Wapo. Mama ngoja hapa."

Hatibu alikaa sakafuni palepale akalia. Gari likarudi tupu. Mimi nikazifungua zile kanga, tukamlaza Mama vizuri, na Shangazi akaanza kumpepea.

Sitaki nikudanganye kuwa mambo yalikuwa mepesi toka hapo. Homa ilishuka ikapanda, na zipo siku nilizokata tamaa. Hata asubuhi moja Mama akafumbua macho, akanitazama, akaniuliza kwa nini nimekaa mbele za watu na nywele hazijasukwa. Ewe Idarusi! Nilicheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Sasa yuko nyumbani. Amekonda, miguu bado haina nguvu, lakini anamaliza uji wake, na jana alinifukuza jikoni akidai nakuna nazi kama niliyelazimishwa.

Juzi Shangazi alijipa moyo akamsimulia yote, jinsi tulivyotaka kumwondoa, na neno la daktari lilivyotupotosha. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika Shangazi mkono, akasema, "Wifi yangu, hata angekuwa anapona mmoja tu, mngeniacha nijaribu kuwa huyo mmoja."

Shangazi akamlalia begani, wakakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Hatibu anakusalimu sana, na Shangazi Sabiha, na Baba mdogo Haji wa Mabawa na watu wake wote. Ruthi naye hupita kumjulia hali Mama. Sasa ni mtu wa nyumba hii. Ukipata ruhusa njoo, Mama anataka akushike kichwa kwa mkono wake mwenyewe.

Mola akufungulie kheri na akurejeshe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Asmahani