Kwa Mwalimu Ongeri, Aliyewatoa Watoto Uwanjani

"Mama Cynthia, huyu bwana yako anafundisha mpira ama analea watoto?"

Jirani yetu Mogire aliniuliza hivyo akiwa upande wa pili wa ua, sauti juu makusudi ili usikie. Ulikuwa ndani ukivua viatu. Ukajibu, "Mwambie ni vyote viwili, lakini hicho cha pili silipwi." Nilicheka mpaka nikakalia ndoo.

Baba Cynthia, mwaka umezunguka tangu ugonjwa wa moyo utuachanishe nawe, na sauti hiyo bado iko ndani ya nyumba.

Ulifundisha mpira katika sekondari yetu hapa Nyamache, na sheria zako zilijulikana hadi sokoni. Shule ikifunguliwa, wiki mbili za kwanza hakuna mechi, hata mwalimu mkuu akinuna. Kwanza vijana watembee, kisha wakimbie polepole, ndipo waguse mpira. Ndoo ya maji ilikaa kando ya goli, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kunywa.

Uliwajua watoto wetu. Likizo nzima wako kwenye mashamba ya chai na wazazi wao, na hata siku za shule wengine huamkia shambani. Kwa hivyo kabla ya mazoezi ulisema neno moja tu, "Mikono." Wakakuonyesha vidole.

"Umechuma leo?"

"Kidogo tu, mwalimu."

"Kidogo, na kidole kimekuwa cheusi hivi? Keti, kunywa uji. Leo wewe ni mtazamaji."

Uji wenyewe ulitoka kwa sufuria yangu. Nilinung'unika, lakini nilikoroga.

Siku ya Sabato hukushika filimbi. Uliimba besi kanisani, na ulikosea hata kitabu kikiwa mkononi. Jioni ulitaka mboga zetu za chinsaga zilizolala, chungu vile vile, na hukutaka mtu akuongezee maziwa.

Ile mechi ya Nyamira ndiyo watu hawajaisahau. Omosa, kifungua mimba wa Mogire, aligongana vichwa na beki. Akainuka, akasema yuko sawa. Ukamtoa. "Aliyegongwa kichwa harudi leo," ukasema, na hukubishana tena. Tukafungwa dakika za mwisho. Wengine walisema umeuza mechi. Tulipofika nyumbani ndipo Mogire akauliza lile swali lake.

Jua halijazama, Omosa akaanza kutapika na kuwaita watu majina yasiyo yao. Mogire akaja mbio, na wewe ndiye uliyetafuta gari, ukamshika kijana kichwa njia nzima. Daktari alisema angegongwa mara ya pili, hadithi ingekuwa nyingine. Mungu akamrudisha. Leo Omosa ni fundi wa umeme huko Mosocho na ana watoto wawili. Mogire hakusema asante kwa mdomo. Alileta mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akaenda zake.

Tunaokukumbuka ni mimi mke wako Eucabeth. Watoto wako Cynthia, Lorna na Omwenga. Mama yako Bonareri, ambaye bado anakuwekea kiti. Ndugu zako, wakwe zako na vijana wote uliowafundisha. Tunangoja asubuhi ya ufufuo. Mpaka hapo, jina lako halitatoka midomoni mwetu.

Mogire pia aliomba nimwandike hapa. Wiki iliyopita alikuja kuniambia hivyo, nikampa uji. Akaanza kumsifu Anyona, kitinda mimba wake, kwamba mchana huo anacheza fainali.

"Juzi aliangukia kichwa mazoezini, lakini kocha huyu mpya hana maneno mengi kama marehemu. Amesema atacheza."

"Kichwa kinamuuma?"

"Kidogo tu."

"Mpaka leo?"

"Mama Cynthia, ni fainali. Mtoto mwenyewe anasema yuko sawa."

"Omosa pia alisema yuko sawa," nikamwambia.

Saa nane ilikuwa imepita, na mechi ilikuwa ya saa tisa. Mogire alitazama uji wake. Kisha akaweka kikombe chini kikiwa nusu, akachukua kofia yake, akatoka, akashika njia ya shuleni.