Uso wa Yunusi Kwenye Kioo

Gulwe, 1911

Dada Mwanaasha, shikamoo. Mimi ni mzima, ila upepo wa huku juu umenipasua midomo. Ni mawe matupu na reli, hata mti wa kivuli hakuna.

Juzi yule Mjerumani ninayembebea vyombo aliwapiga picha vibarua wa reli. Kioo cha picha kilipooshwa kwa dawa, nikamwona shemeji Yunusi waziwazi, na picha zinapelekwa bomani, kwa wanaomtafuta tangu Maji Maji. Nikakiangusha kioo, kikavunjika.

“Umefanya makusudi!” alifoka bwana. Nikachapwa viboko.

Nilimwambia Yunusi atoroke. Leo vibarua wamepangwa tena wapigwe picha, naye hayumo. Askari ameniuliza kwao ni wapi. Nimemdanganya kuwa ni Mlali. Yunusi akifika hapo Bigwa, dada, msilale, ondokeni usiku huohuo.

Mdogo wako,
Stambuli